Alikuwa moto wa kuotea mbali, sasa hata kusugua benchi hapati: shida iko wapi?

#1 MjombaWaMumias
Wakuu, salaam. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, nimemlea mimi tangu akiwa mdogo. Winga wa kushoto. Gredi ya 8 na ya 9, shule yao ikicheza na jirani, watu walikuwa wanafunga vibanda waje kumwona. Ni mwepesi, na ana ule ujanja wa kumngoja beki aweke mguu chini kwanza ndipo aondoke. Mwaka huu kaingia gredi ya 10 shule ya bweni upande wa Vihiga, shule yenye jina kwa kandanda (siitaji). Nikajua mambo yameiva.

Muhula wa kwanza hakuguswa kabisa. Muhula wa pili akaitwa kambini, akapewa jezi ya mazoezi, halafu usiku wa kuamkia mechi za kaunti ndogo orodha ikabandikwa bila jina lake. Mwalimu hakumwambia neno. Mapumziko ya katikati ya muhula alipokuja nyumbani alisukuma njumu chini ya kitanda na huko ndiko ziliko. Runinga ikionyesha mpira anatoka nje.

Dai langu ni hili: shule zetu kubwa za Magharibi zinaua vipaji. Zinakusanya watoto waliong'ara, zinawaweka kando, zinachezesha watu wazima wenye ndevu. Nibisheni.

#2 Kijani_Damu
Ungempeleka Kakamega High saa hii ungekuwa unatafuta nauli ya uwanja wa Bukhungu. Green Commandos hatuachi mguu wa kushoto.

#3 Nge_Mweusi
#2 umeanza. Wewe huko kijani ulikuwa unapiga tarumbeta, mpira uliusikia kwa mbali. Mjomba, mlete Musingu.

#4 BwanaMichezo
Mjomba, pole. Mimi ni mwalimu wa michezo kaunti ya Busia, kwa hiyo nitaongea kama mshtakiwa. Kwanza turekebishe kitu. Muhula wa kwanza ni wa raga ya wachezaji 15, mpira wa vikapu, magongo na mpira wa mikono. Kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji 7 ni muhula wa pili. Kwa hiyo muhula wa kwanza hakuachwa, hapakuwa na kikosi cha kumwacha.

Pili, ingia kwenye viatu vya mwalimu kidogo. Kaunti ndogo, kaunti, ukanda, taifa, Afrika Mashariki. Kila ngazi ni siku chache tu, mechi leo na mechi kesho, ukiteleza mnapanda basi kurudi darasani na mwalimu mkuu anakuuliza pesa za mafuta zilifanya kazi gani. Humo ndani hamna mechi ya kumjaribu kijana. Mwalimu anaenda na anaowajua.

Tatu, na hili hamlisemi. Zamani kidato cha kwanza ulikuwa mwaka wa kubeba chupa za maji na kuokota mipira nyuma ya goli. Mtoto alikua huku anatazama wakubwa. Hawa wa gredi ya 10 wanaingia wakiwa na miaka 15 au 16, mastaa wa walikotoka, hawajawahi kumwokotea mtu mpira.

#5 Chapo_Mbili
Na kuna pengo. Madarasa mawili mazima hayakuingia sekondari kwa sababu ya huu mtaala mpya. Mtoto wa gredi ya 10 anafika anakuta majitu matupu.

#6 Zamu_ya_Usiku
Si mawili, mkubwa. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilikuwa 2023. Walioifanya waliingia kidato cha kwanza 2024, sasa wako cha tatu. Mwaka ambao hakuingia mtu ni 2025 peke yake. Januari 2026 wakaja gredi ya 10, ambao kwa miaka ya kusoma ni sawa na kidato cha pili. Ngazi ya umri haikukatika popote. Kilichokatika ni huo mwaka wa chupa anaousema mwalimu.

#7 JaKondele
Mwalimu #4 umepanga maneno mpaka karibu nisahau mamluki.

Nilicheza kiungo shule moja ya kutwa hapa Kisumu. Nusu fainali ya kaunti tukakutana na beki wa kati mmoja, kifua kama mlango wa godauni. Tulijuaje si mwanafunzi? Mkewe alikuwa kando ya uwanja anamshangilia, mtoto mgongoni. Na si mke wa kusingiziwa, tunamfahamu, anauza omena Nyalenda. Tulipowasilisha malalamiko wakatuletea cheti safi kabisa, jamaa ana miaka 17. Tulifungwa mawili bila.

Kwa hiyo mjomba simbishii. Mtoto wako amekaa nje kwa sababu nafasi yake imeshikwa na baba wa mtu.

#8 BwanaMichezo
JaKondele, mamluki wapo, hakuna mwalimu mkweli atakayekana. Timu kung'olewa mashindanoni kwa ajili yao si habari ngeni. Ila siku hizi KSSSA, chama cha michezo ya shule za sekondari, inataka cheti cha kuzaliwa na rekodi za mwanafunzi zisomane. Si rahisi kama enzi zako. Halafu tusimwite kila mrefu mamluki. Nina kijana wa miaka 16 ana ndevu kunishinda, mamake analia kila tukienda mechi kwa sababu anajua atatukanwa.

#9 Bondeni_Kwetu
Hamjambo kutoka Nakuru. Mjomba, mtoto alizaliwa mwezi gani? Swali la kweli, sikutanii.

Nauliza kwa sababu katika hoki ya barafu ya Kanada watafiti waligundua tangu 1985 kwamba wachezaji waliozaliwa Januari, Februari na Machi ni wengi mno kuliko wa Oktoba hadi Desemba. Sababu yake ni nyepesi. Umri huhesabiwa kuanzia Januari 1, kwa hiyo wa Januari na wa Desemba wanawekwa kundi moja ilhali mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Kwa mtoto, mwaka mzima ni mifupa na misuli. Kocha anaona mkubwa, anamwita kipaji, anamfunza zaidi, na kweli anakuwa kipaji.

Mimi mwenyewe nilikuwa nacheza namba 10 Bondeni, mdogo wa mwili. Kidato cha pili nilikatwa, cha tatu nikakatwa. Cha nne nikarefuka likizo moja tu, nikarudi shuleni mlinzi wa lango hanitambui. Mwalimu huyohuyo akaniita mazoezini akaniuliza nilikuwa wapi siku zote. Nilikuwa hapohapo kwenye nyasi, mwalimu, nikikutazama.

#10 MjombaWaMumias
Novemba, mwishoni. Kidevu bado kisafi. Lakini kurefuka ameanza, suruali ya shule tuliyonunua Januari sasa inaonyesha soksi.

#11 Nge_Mweusi
Hiyo hesabu ya Kanada haitafanya kazi huku. Nusu ya watu wa Magharibi kwa karatasi wamezaliwa Januari 1. Hata babu yangu.

#12 Kasuku_wa_Rhonda
Mwambieni kijana Michael Jordan alifukuzwa timu ya shule! Mwambieni Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, wakasema ni mfupi, na 2016 akabeba Ligi Kuu ya Uingereza na Leicester. Aache kuzira, arudi kazini.

#13 Zamu_ya_Usiku
Ya Vardy ni sawa. Ya Jordan husimuliwa vibaya. Hakufukuzwa. Mwaka 1978, shule ya Laney huko Wilmington, North Carolina, alikuwa na miaka 15, akawekwa timu ya pili acheze kila mechi badala ya kukaa benchi la timu ya kwanza. Mtoto wa rika lake aliyepandishwa alikuwa Leroy Smith, kwa sababu timu ilikosa mrefu na Smith alikuwa na futi 6 na inchi 7. Jordan hakusahau. Mwaka 2009 alipoingizwa kwenye ukumbi wa mashujaa wa mpira wa vikapu alimtaja Smith mbele ya watu wote, na Smith alikuwa ameketi ukumbini.

Tofauti yake na mpwa wa mjomba ni hiyo timu ya pili. Shule ngapi huku zina timu ya pili yenye ratiba, refa na mechi za kweli? Mtoto akiachwa hapa, ameachwa kabisa mpaka mwakani.

#14 Kasuku_wa_Rhonda
Kumbe ndiyo maana hulali usiku, unasoma mambo ya Jordan.

#15 Zamu_ya_Usiku
Nalinda stoo ya watu, nifanye nini kingine.

#16 NyarYala
Jambo. Wanaume mmejaa huku, niwape la upande wetu.

Nilikuwa nacheza netiboli, goli nalilinda mimi. Robo fainali ya ukanda niliruka kudaka mpira, nikatua mguu mmoja huku mwili unageuka, nikasikia goti likilia ta! Jioni lilikuwa limefura mpaka sketi inabana. Mwalimu akasema nimeteguka. Mama akaniita nyumbani tukaenda kwa mkandaji, mama mzee mzuri tu, mafuta moto na mkanda wa kanga. Uvimbe ukashuka, nikarudi kucheza. Nikawa nikigeuka goti linatoka, narudi, linatoka. Mwalimu akaanza kusema naogopa mpira, kwamba nimeanza mambo ya wavulana, na jina likafutwa. Ukweli ulijulikana nikiwa nimeshaolewa, daktari wa mifupa mjini Kisumu alipoagiza picha ya MRI. Kano ya mbele ya goti, ile wanaita ACL, ilikatika tangu siku ile.

Wasichana hukatika hiyo kano mara nyingi kuliko wavulana kwenye michezo ya kuruka na kugeuka, hilo linajulikana. Na sisi ndio hatupimwi. Mjomba, kabla hujamlaumu mwalimu au mamluki, mtoto umemwona akitembea?

#17 MamaWawili_Lanet
Mnajadili mpira, mimi nauliza masomo. Mtoto amepelekwa bweni, ada inalipwa, mjomba analia kuhusu winga. Kama ameacha njumu chini ya kitanda, labda ameona mwanga. Ashike kitabu.

#18 Chapo_Mbili
Mama, siku hizi michezo ndiyo kitabu. Sekondari pevu ina mikondo mitatu: Sayansi na Teknolojia, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Mjomba, yeye alichagua upi?

#19 MjombaWaMumias
Sayansi. Hiyo shule ya mpira haina mkondo wa michezo. Cheka tu.

#20 MamaWawili_Lanet
Sicheki, nashangaa. Basi shule inachukua mtoto kwa miguu yake halafu inamfundisha kemia?

#21 BwanaMichezo
Mkondo wa Sanaa na Michezo unataka walimu, viwanja na vifaa, si kila shule inavyo. Na si lazima. Mshambuliaji wetu Olunga alisoma uhandisi wa ramani pale Technical University of Kenya na bado anafunga magoli.

#22 Luanda_Line
Mimi nina dawa. Mwenye mbio, mguu mwepesi, anajua kumngoja beki atue: huyo ni raga ya wachezaji 7, pembeni. Kandanda imemkataa, raga inamngoja. Injera alitoka wapi? Hapahapa, Vihiga High! Mwaka 2016 akavunja rekodi ya dunia ya kufunga trai kwenye msururu wa raga ya wachezaji 7.

#23 JaKondele
Injera si wa Maseno?

#24 Luanda_Line
Wa Maseno ni kakake, Humphrey Kayange. Usituibie, nyinyi watu wa Nyanza mmezoea. Na rekodi aliivunja mwaka uleule Kenya ilibeba kombe la Singapore. Nililia siku hiyo, sioni haya.

#25 Kijani_Damu
Rekodi yenyewe ikachukuliwa na Mwingereza Dan Norton mwaka uliofuata, ungelia tena.

#26 Nge_Mweusi
Mvulana wa kilo hamsini umpeleke raga ya Magharibi? Unajua wale wa shule za Koyonzo na Butula wanavyokaba?

#27 Fizio_Kisumu
Nimesoma kuanzia juu. Swali la NyarYala #16 halikujibiwa na ndilo ningeuliza mimi. Mjomba, tangu aanze kurefuka, amewahi kulalamika goti? Hasa akipanda ngazi, akikimbia, akipiga magoti?

#28 MjombaWaMumias
Fizio, umenishtua. Kulalamika, hapana. Lakini nyumbani alipokuja niliona tukiswali anaweka mto mdogo chini ya goti la kushoto kabla ya kusujudu. Nikadhani ni udeko wa bweni, nikamtania kwamba amezeeka kabla yangu. Hakucheka. Na chini ya goti, juu kabisa ya muundi, pana kinundu kama nusu ya ndimu.

#29 Fizio_Kisumu
Simtibu mtu mtandaoni, kwa hiyo mpeleke aonwe. Lakini hayo uliyoyaeleza ni picha ya kawaida sana ya kitu kinachoitwa Osgood-Schlatter, majina ya madaktari wawili walioieleza mwaka 1903.

Inavyotokea ni hivi. Misuli ya mbele ya paja inashikana na mfupa wa muundi kwa kano inayopita kwenye pia ya goti. Mahali kano inaposhika, mfupa wa mtoto bado una gegedu laini la kukulia. Mtoto anaporefuka kwa kasi, mfupa unatangulia, misuli inabaki nyuma, inabana. Halafu anakimbia, anaruka, anapiga mashuti kila siku kambini, na kano inavuta pale palepale. Panauma, panavimba, mfupa unajenga kinundu. Kupiga magoti ndiko kunakoumiza zaidi, ndiyo maana ya mto.

Habari njema: mifupa ikishakomaa hupoa yenyewe kwa walio wengi, ingawa kinundu kinaweza kubaki. Si lazima aache mpira kabisa. Apunguze mbio na mashuti mpaka maumivu yawe ya kuvumilika, barafu baada ya mazoezi, anyooshe misuli ya paja kila siku, aiimarishe taratibu. Habari mbaya: inaweza kuchukua miezi, hata mwaka au zaidi, na akilazimishwa kila siku haipoi.

Lakini akiwa na maumivu ya usiku yanayomwamsha, homa, goti zima kufura, au goti linalokwama, hilo si hili, mkimbizeni hospitali. Na njumu zake zikoje?

#30 MjombaWaMumias
Mtumba wa soko la Kibuye, zilikuwa kubwa kidogo akajaza soksi mbele. Ya kushoto imeshonwa ubavuni na fundi kwa uzi wa nailoni, soli yake imelika upande mmoja.

#31 Fizio_Kisumu
Njumu hazikuleta kinundu, ila hazisaidii. Zinazomtosha, kwanza.

#32 JaKondele
Sasa kila kitu kimekuwa goti. Mtoto mwenye goti bovu aliitwaje kambini? Alikimbiaje siku zote hizo? Mwalimu alimwona anacheza, akamwita, akampa jezi, halafu usiku mmoja akamtoa. Goti haliharibiki kwa usiku mmoja. Usiku mmoja ni simu. Mtu alipiga simu, ana mtoto wake.

#33 NyarYala
Mimi nilicheza na kano iliyokatika, JaKondele. Mtoto anayetaka jezi anaficha.

#34 BwanaMichezo
JaKondele kuhusu usiku mmoja ana pointi, ila si ya simu. Usiku wa kuamkia mashindano ndio tunaokaa na makaratasi. Unapanga vyeti vya kuzaliwa mezani, unalinganisha na rekodi za shule jina kwa jina, na hapo ndipo vijana wanapodondoka, kwa sababu ukimpanga mtu ambaye karatasi zake hazisomani, wapinzani wakikata rufaa timu nzima imekwenda. Nimewahi kumtoa mfungaji wangu bora saa tano usiku kwa herufi moja kwenye jina la baba. Alilia, nami sikulala. Asubuhi tulifungwa.

Mjomba, karatasi zake zinasomana?

#35 MjombaWaMumias
Mwalimu, hapo umegusa penyewe. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babake. Shuleni, tangu nimchukue, anatumia langu. Mitihani yote ameifanya kwa langu. Sikuwahi kufikiria kwamba ni kitu, huku kwetu mtoto wa dada ni wako.

#36 Zamu_ya_Usiku
Hilo linarekebishika, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, pamoja na hati ya kiapo. Lakini anza sasa, si wiki ya mashindano. Na litamsumbua kwa kitambulisho baadaye hata asipogusa mpira tena.

#37 Bondeni_Kwetu
Bado mimi niko kwa mwili. Novemba, kidevu kisafi, anarefuka sasa hivi. Hata hilo goti linasema hivyohivyo. Mwakani mtamsahau huyu wa mwaka huu.

#38 Kijani_Damu
Nimetania vya kutosha, niseme la mpira. Mjomba, umewahi kwenda kuwaona hao wakicheza? Mimi nimewaona msimu huu. Wanacheza viungo wanne katikati wamebanana, mabeki wa pembeni ndio wanaopanda. Hamna winga pale. Yaani hamna! Mtoto wa mguu wa kushoto anayejua kukaa kwenye mstari tu, kocha huyo atamtia wapi? Ajifunze beki wa kushoto. Nafasi hiyo shule nyingi zinaitafuta kwa tochi.

#39 Nge_Mweusi
Kwa mara ya kwanza mtu wa tarumbeta amesema kitu.

#40 MamaWawili_Lanet
Mjomba, na wewe umemuuliza yeye mwenyewe? Tangu #1 tunaongea juu ya kichwa chake.

#41 MjombaWaMumias
Mama, kumuuliza nimemuuliza, anajibu "hakuna kitu." Jumamosi ni siku ya kutembelea. Nitaenda na cheti na nitamwona mwalimu. Nitarudi hapa.

#42 Luanda_Line
Ukipita Luanda nipigie, ndizi zetu ni bei nzuri. Na umuulize kama wana timu ya raga.

#43 MjombaWaMumias
Nimerudi, asanteni mlioningoja. Mwalimu wa michezo nimemkuta, kijana mdogo tu, mpole. Anasema sababu ni nidhamu: kambini mtoto alikosa mbio za asubuhi zaidi ya mara moja, akawa anakutwa bado yuko bwenini, na sheria ni sheria. Nilipomtajia goti alishangaa, anasema hakuambiwa. Mtoto anasema alimwambia kapteni, kapteni akamwambia asidanganye, wote wanaumwa. Kapteni hakuwepo nimuulize.

Nikaenda kwa karani. Yeye anasema jina lilikuwa na shida ndiyo, lakini liliandikwa kwa penseli pembeni na hajui kama ndilo lililomtoa. Wakati natoka nikawaona vijana wawili wa mwaka huu waliohamia, mmoja ni wa mguu wa kushoto. Si mtu mzima. Ni mtoto kama huyu wangu, na anaujua mpira, Mungu shahidi wangu.

Goti tunaenda kulionyesha wiki hii. EduAfya, ile bima ya wanafunzi, ilikwisha, kwa hiyo ni SHA, bima ya afya ya serikali, ikikubali, isipokubali ni mfuko.

#44 JaKondele
Waliohamia wawili mwaka mmoja, na hamtaki niseme simu.

#45 BwanaMichezo
Uhamisho una sheria zake, na usajili wake ni huohuo wa karatasi. Mjomba, mpe mwalimu barua ya daktari, iandikwe, si ya mdomo. Mwalimu mpole na mdogo huwa anaogopa kupoteza mechi kuliko sisi wazee. Akiwa na barua ana pa kusimama. Na mwambie kijana aanze kujifunza beki wa kushoto kama alivyosema #38, hata akiwa anapumzisha goti anaweza kutazama.

#46 NyarYala
Mto umempa aende nao bwenini?

#47 MjombaWaMumias
Nimempa. Wenzake walikuwa karibu, akauficha ndani ya sweta.

#48 Bondeni_Kwetu
Na njumu?

#49 MjombaWaMumias
Aliniambia niziache nyumbani kwanza. Sikubishana.

#50 Chapo_Mbili
Fizio, samahani natoka nje ya mada. Mimi ni wa boda, asubuhi nikishuka kitandani kisigino kinachoma kama nimekanyaga msumari, nikitembea kinapoa. Ni hiyohiyo ya majina mawili?

#51 Fizio_Kisumu
Hapana, wewe umeshakomaa zamani. Anzisha uzi wako.